Faini Hulipwa na Mfuko, Darasa Hulipwa na Dereva



Mtu anayeondoka Jinja asubuhi kwenda Mbale ana kilomita zipatazo 150 mbele yake. Atapita Kakira penye matrekta ya miwa, atapita mji wa Iganga, ataiacha njia kuu pale Nakalama, kisha ataifuata barabara ya Tirinyi kupitia Namutumba na kinamasi cha mto Mpologoma, mpaka aione milima imesimama nyuma ya mji wa Mbale. Akiweza kuendesha kwa kilomita 80 kwa saa pasipo kusimama, atafika kwa muda wa saa moja na dakika 52. Akiendesha kwa kilomita 100 kwa saa, atafika kwa saa moja na nusu. Tofauti ya madereva hawa wawili ni dakika 22. Na hizo ni za kwenye karatasi tu, kwa sababu njiani kuna matuta, kuna masoko, kuna watoto watokao shule na mpunga ulioanikwa kando ya lami.

Katika mazungumzo yetu ya leo nataka tuzitafakari dakika hizo 22, kwa kuwa ndizo zinazonunuliwa kwa damu.

Mwaka 2023 polisi wa Uganda waliandika vifo 4,806 vilivyotokana na ajali za barabarani. Mwaka 2024 idadi hiyo ikapanda hadi 5,144. Tukiigawanya kwa siku za mwaka tunapata watu 14 kwa siku. Nanyi mnajua, ndugu wasikilizaji, kwamba teksi zetu za kawaida zimeruhusiwa kubeba abiria 14. Basi ni kana kwamba kila siku inayopambazuka, teksi moja iliyojaa inatoka kituoni na haifiki. Ingekuwa ni teksi ya kituo kimoja, mathalani ya hapa kwetu Nkoma, tungekwisha kukifunga kituo hicho siku ya tatu. Lakini kwa kuwa vifo hivi vimetawanyika, mmoja Bugiri, mmoja Masaka, wawili Lira, tumevizoea.

Serikali haikukaa kimya. Mwezi Juni mwaka 2025, Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi iliuwasha mtambo wa kamera unaomnasa dereva kwa namba ya gari lake na kumtoza faini pasipo kuonana na askari. Aliyezidisha mwendo kwa kiasi kisichopita kilomita 30 kwa saa alitakiwa kulipa shilingi 200,000. Aliyepita hapo, shilingi 600,000. Mahali penye watu wengi wa miguu, kama vile mashuleni na masokoni, mwendo ulishushwa hadi kilomita 30 kwa saa. Kelele zikapigwa nchi nzima. Madereva waliuliza vibao vya kuonyesha mwendo huo viko wapi, na wengine wakasema kwamba faini ya siku moja imezidi pato la wiki. Kabla ya mwezi huo kwisha, mtambo huo ukasimamishwa ili mambo yatazamwe upya.

Miezi minne baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 22 Oktoba 2025, katika barabara ya Kampala kwenda Gulu, mabasi mawili yaliyokuwa yakitoka pande mbili yalikutana uso kwa uso wakati kila moja likilipita gari jingine. Watu wasiopungua 46 walikufa. Kulipita gari jingine mahali pasipofaa na kwenda kasi ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni haraka.

Basi hapo ndipo tulipo. Kwa upande mmoja tuna vifo visivyopungua, na kwa upande wa pili tuna faini ambazo wananchi wamezikataa. Je, hakuna njia ya tatu?

Iko njia moja ambayo wenzetu wa Uingereza wameitumia kwa miaka mingi, nayo yafaa tuitazame kwa makini, uzuri wake na kasoro zake. Huko, dereva aliyekamatwa kwa mwendo kasi hupigwa faini isiyopungua pauni 100, tena leseni yake huandikwa alama tatu za adhabu au zaidi. Alama hizo zikifika 12 katika muda wa miaka mitatu, kwa kawaida mahakama humzuia kuendesha gari kwa miezi sita au zaidi. Lakini yule ambaye kosa lake si kubwa mno hupewa hiari. Kwa mfano, mahali ambapo mwisho wa mwendo ni maili 30 kwa saa, yaani karibu kilomita 48, aliyekutwa kati ya maili 35 na 42 aweza kuambiwa: Ukipenda, pokea faini na alama zako. Ama sivyo, lipa ada ya darasa, ukae usikilize, nasi hatutaiandika leseni yako.

Darasa hilo lilikuwa la saa zipatazo nne. Siku hizi wengi hulihudhuria kwa njia ya intaneti, nalo limefupishwa kidogo. Hakuna mtihani wa mwisho, ila mtu hana budi kuhudhuria kikamilifu na kushiriki katika mazungumzo. Asiyefanya hivyo hurudishwa kwa polisi, adhabu yake ikamsubiri. Na aliyekwisha kulipata darasa hilo hapewi tena mpaka miaka mitatu ipite. Mlango wa huruma hufunguliwa mara moja, kisha hufungwa.

Wanafundishwa nini humo? Mambo ambayo kila dereva hudhani anayajua. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari hukata mita 14 kwa kila sekunde. Kwa kilomita 100, hukata mita 28. Dereva anayemwona mtoto akikimbilia mpira hutumia kiasi cha sekunde moja kabla mguu haujaigusa breki, na katika sekunde hiyo gari halijui kwamba kuna mtoto. Breki zikishika, mambo huwa mazito zaidi, maana mwendo ukizidi mara mbili, nafasi inayohitajiwa ili gari lisimame huzidi mara nne. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Hesabu hizi si ngumu. Tatizo ni kwamba hazijapata kusemwa kwa utulivu mbele ya mtu anayeshika usukani kila siku.

Je, darasa hilo limefaa? Mwaka 2018, Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza ilitoa matokeo ya uchunguzi uliohusu madereva zaidi ya milioni mbili. Ilionekana kwamba waliohudhuria darasa walirudia kosa kwa uchache kuliko waliopokea faini na alama. Katika miezi sita ya kwanza, uwezekano wao wa kurudia ulipungua kwa kiasi cha kati ya asilimia 12 na 23. Lakini yatupasa tuseme kweli yote. Uchunguzi huo huo haukuweza kuthibitisha kwamba waliosoma walipata ajali chache zaidi za kuumiza watu. Kwa hiyo darasa si dawa ya kumaliza ugonjwa. Ni dawa iliyoizidi faini kwa kiasi fulani, na katika nchi inayozika watu 14 kwa siku, kiasi hicho si cha kudharauliwa.

Sasa tuulize ni kwa nini saa chache za kuketi zimshinde mtu kuliko fedha. Jibu lake twaweza kuliona hapa hapa kwetu. Mchukueni dereva wa teksi ya kutoka Mbale kwenda Jinja. Gari si lake. Jioni humpelekea tajiri hesabu aliyopangiwa, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chakula cha watoto wake. Dereva huyo akitozwa shilingi 200,000, fedha hizo hazikai moyoni mwake kama somo. Hukaa katika hesabu ya siku. Atazitafuta kwa kuongeza abiria, kwa kuongeza nauli, au kwa kuongeza safari moja zaidi kabla ya giza. Na safari hiyo ya ziada ataipataje, kama si kwa kukanyaga mafuta? Hivyo faini ya mwendo kasi huzaa mwendo kasi mwingine. Naye mwenye gari la kifahari, yeye huilipa kama alipavyo mafuta, akasahau kabla hajafika Lugazi.

Faini yaweza kulipwa na tajiri, na abiria, au na mjomba aliye Kampala. Lakini saa nne za kuketi kwenye benchi haziwezi kulipwa na mtu mwingine. Kondakta hawezi kutumwa. Waziri, mkulima na dereva wa lori wana saa zile zile 24. Tena, saa nne hizo ni sawa na faida ya dakika 22 kwa safari zaidi ya kumi. Dereva mwenyewe ataifanya hesabu hiyo akiwa amekaa pale, na hakuna haja ya mwalimu kumfanyia.

Hata hivyo, tusilichukue jambo hili la Uingereza tukalipandikiza kama lilivyo. Majirani zetu wa Tanzania walitupatia funzo mwaka 2015. Huko iliagizwa kwamba dereva anayetaka kuihuisha leseni yake, yaani kila baada ya miaka mitatu, arudi kwanza darasani kwa gharama yake. Tarehe 10 Aprili mwaka huo, madereva wa mabasi waligoma, na abiria wakakwama katika kituo cha Ubungo, Dar es Salaam, na katika mikoa mingine. Serikali ikaliondoa sharti hilo. Mwezi Mei wakagoma tena, na miongoni mwa malalamiko yao makubwa lilikuwemo hili: kwamba wengi wao hawakuwa na mikataba ya ajira na waajiri wao.

Yatupasa tuyashike mambo mawili kutokana na habari hiyo. La kwanza, darasa ambalo halikuchaguliwa, analolazimishwa hata asiye na kosa, halina tofauti na kodi, na mtu huipinga kodi. Darasa la Uingereza hukubalika kwa sababu mkosaji amelichagua mwenyewe, na nyuma yake kuna adhabu ya kweli inayomsubiri. La pili, dereva hayuko peke yake garini. Tajiri asiyempa mkataba, anayemtaka hesabu ile ile mvua inyeshe isinyeshe, huwa ameweka mguu wake juu ya ule wa dereva, wote wawili wakakanyaga mafuta.

Kwa hiyo, ikiwa wakubwa wanaohusika na faini hizi watapenda kusikia maoni ya mtu wa kawaida, maoni ni haya. Dereva aliyekosa kwa kiasi kidogo, kwa mara ya kwanza, apewe hiari ya darasa mahali pa faini. Ada yake isiizidi faini. Darasa lifanyike Mbale, Jinja, Soroti na Tororo, asilazimike kwenda Kampala. Lifundishwe kwa Kiswahili, Kimasaba, Kisoga, Kigwere au Kiteso, lugha ambazo mtu huota kwazo. Mwalimu mmoja awe askari wa usalama barabarani, wa pili awe muuguzi wa wodi ya majeruhi, na wa tatu awe mtu aliyepoteza mguu barabarani. Mwenye gari naye aitwe akae benchi moja na dereva wake. Na atakayerudia kosa kabla ya miaka mitatu, huyo sheria imkamate bila kumbembeleza.

Najua swali ambalo wengi wenu mnaniuliza hivi sasa. Je, cheti cha darasa hakitanunuliwa, kama vinavyonunuliwa vyeti vingine? Hofu hiyo ni ya haki. Darasa la kwenye karatasi lingekuwa baya kuliko faini, kwani faini angalau huacha stakabadhi. Ndiyo maana mahudhurio hayana budi kuandikwa mbele ya macho ya wote, mlango ufungwe saa ya kuanza inapofika, na orodha ya waliohudhuria ibandikwe nje ya kituo cha polisi, ili abiria wa Nkoma waweze kusoma ni nani aliyekaa na ni nani aliyejificha.

Nasi abiria tusijitoe katika lawama. Ni nani humwambia dereva, "Kanyaga, tumechelewa"? Ni nani humcheka yule anayetulia nyuma ya lori la miwa, akamwita mzee? Wahenga walisema, kawia ufike. Leo jioni, ukiwa ndani ya teksi baina ya Namutumba na Tirinyi, na dereva akataka kulipita gari mahali asipoona mbele, mkumbushe neno hilo kwa sauti. Dakika 22 zikipotea, zitapatikana kesho. Yule mtoto aliye kando ya lami hana kesho nyingine ya akiba.