Nyumba Ikikarabatiwa, Vya Zamani Viende Wapi?

(Mazungumzo ya Kitengo cha Mawasiliano na wakazi katika mkutano wa kata)



Malipo ya tumbaku yakishaingia, sauti ya nyundo husikika kila kitongoji. Nyasi zinashuka na bati linapanda. Bati lenye kutu linashuka na la msauzi linapanda. Huo ni ustawi, nasi tunaufurahia. Lakini fundi akishalipwa na kuondoka, uani hubaki rundo. Mwenye nyumba alipopiga hesabu zake aliandika saruji, misumari na ufundi, rundo hakuliandika. Ndiyo maana huamkia mtaroni, na mvua za Novemba zikianza, maji huingia kwa jirani ambaye hakujenga chochote.

Sehemu kubwa ya rundo hilo ni mali. Bati lisilofaa tena sebuleni laweza kuezeka bani la tumbaku au banda la kuku. Mlango wa mbao ukirandwa hupata mnunuzi. Tofali la kuchoma likitolewa zima hujenga tena, na kila tofali linalorudi ukutani huiokolea kuni misitu yetu ya miombo, ambayo ukaushaji wa tumbaku umekwisha kuielemea. Kwa hiyo mwambieni fundi mapema: ng'oa, usivunje. Mkubaliane pia, kabla hajapanda juu, mabaki ni ya nani. Kifusi cha udongo na tofali hufukia mashimo ya njia, ila Mtendaji wa Kijiji aonyeshe mahali, kwa kuwa shimo unaloliona wewe huenda ndilo pito la maji. Chuma chakavu kiuzwe kwa mfanyabiashara mwenye kibali, tena mchana.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta.

Mji wetu umejengwa kwa zama nyingi. Reli ilipita hapa ikielekea Kigoma, ilikofika mwaka 1914; mwaka 1947 ukaja mradi wa karanga wa Waingereza, uliogawanywa kati ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukaachwa mwaka 1951; kisha tumbaku. Mahali penye majengo ya zama mbalimbali pana pia vifaa vya zama hizo. Kimojawapo ni bati za asbesto, zile nzito za kijivu zinazofanana na saruji, zilizopendwa sana katika nyumba na majengo ya taasisi nchini. Likiwa zima na limetulia juu ya paa, bati hilo halina haraka ya kumdhuru mtu. Likivunjwa, likikatwa kwa msumeno au likisagwa kujaza njia, hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo zikivutwa hukaa mapafuni, na saratani yake yaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Fundi kijana wa leo ataugua akiwa mzee, wala hatakumbuka paa la nani.

Ukiliona, simamisha kazi, toa taarifa kwa Mtendaji wa Kata, naye atamwita Afisa Mazingira. Usilitupe kutoka juu, usilifagie likiwa kavu. Na tafadhali, usimpe mtu. Nasema hivi kwa sababu moyo wetu ni mwema: tunaona jirani hana banda, tunamwita achukue. Hapo tunakuwa tumemgawia ugonjwa, naye anashukuru.

Betri chakavu za sola na za magari nazo ni hivyo hivyo. Ndani mna tindikali na risasi. Wapo wanaozipasua uani, wakamwaga maji yake karibu na kisima na kuyeyusha risasi jikoni. Huko Mombasa, katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri kilisababisha watoto kukutwa na risasi katika damu. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Risasi hudumaza akili ya mtoto, na fidia haiirudishi. Betri ibaki nzima, isimame wima, mbali na watoto, hadi ichukuliwe na mwenye kibali. Taa za mirija zina zebaki, zisipasuliwe. Mbao zilizopakwa rangi za zamani zisipikiwe ugali, maana rangi hizo nyingi zilikuwa na risasi. Masinki na matairi yafunikwe au yatobolewe yasilee mbu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa halmashauri wajibu wa kusimamia taka ngumu, na taka hatarishi husafirishwa kwa kibali tu. Siku ya usafi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya mafagio na majembe. Asbesto isiletwe hapo.

Anayetarajia kubomoa mwaka huu aje kabla ya kumlipa fundi, aeleze ana nini na kiasi gani. Leo nimefuatana na maafisa wa Mazingira na Afya. Wamekaa pale chini ya mwembe na daftari liko wazi. Mwenye swali aanze nao.