Gari la Jirani Uani

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa familia zinazozungumza Kiswahili, Portland, jimbo la Oregon, Marekani.)



Nimeombwa niseme juu ya yale magari yenye nyumba ndani, tunayoyaona yameegeshwa ubavuni mwa nyumba za majirani zetu. Wengi mmeniuliza kama yanaruhusiwa. Wawili mmeniomba namba ya simu ili yaondolewe.

Gari la namna hii lina kitanda, jiko, choo na matangi ya maji machafu. Lilitengenezwa kwa safari za mapumziko. Miji mingi ya Marekani humruhusu mwenye nyumba kuliegesha kwake, lakini hukataza mtu kuishi humo. Gari lina ruhusa, mtu hana! Portland nayo ilikuwa hivyo hadi mwaka 2017, kodi za nyumba zilipokuwa zimepanda mno, ikaacha kuwaondoa watu waliolala katika magari hayo kwenye viwanja vya nyumba. Mwaka 2021 baraza la jiji likaiweka ruhusa hiyo katika sheria: gari moja la kuishi kwa kiwanja chenye nyumba.

Hatari zipo, tusizifiche. Tangi likimwagwa ovyo, uchafu huingia katika mitaro ya mvua. Lakini ninaloliogopa zaidi ni mtu kufunga madirisha yote wakati wa baridi na kuwasha jiko la gesi apate joto. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, nayo huua mtu usingizini. Kifaa cha kuitambua kinauzwa madukani, si cha bei kubwa.

Jiji hufuatilia mambo haya hasa pale mtu anapolalamika. Kwa hiyo simu yako ina nguvu kuliko unavyodhani. Mtaani kwangu liliegeshwa gari moja, limepauka, limefunikwa turubai la buluu. Nililinunia miezi mitatu. Siku nilipobisha hodi nilimkuta bibi mmoja, mama mzazi wa mwenye nyumba, aliyeshindwa kulipa kodi alikokuwa akiishi. Turubai lilikuwa la kuzuia paa linalovuja. Mwanawe nami tuliliziba kwa saa mbili tu.

Basi ninyi wawili, namba ninayo. Ila Jumamosi nitawapitia kwanza, twende wote tukabishe hodi.