Yatokanayo

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Leo nataka tuzungumze juu ya neno moja tu. Neno lenyewe ni "yatokanayo". Kama hujawahi kukaa katika kikao cha halmashauri, huenda neno hili halikuambii kitu. Utadhani ni neno la vitabu vya sarufi. La hasha. Neno hili limebeba zahanati, limebeba madaraja na madawati, na nyakati nyingine limebeba roho za watu. Nitakueleza nilivyolijua.

Mimi ni mtu wa milimani, Tarime, katika mkoa wa Mara. Shangazi yangu aliolewa upande wa pili wa mto Mara, wilayani Serengeti, kwa hiyo nikienda likizo miguu yangu huwa haitulii. Leo niko Tarime mjini, kesho Nyamongo, keshokutwa Mugumu. Katika safari mojawapo ya namna hiyo, miaka michache iliyopita, nilikuta Baraza la Madiwani linakutana. Eneo lile lina halmashauri tatu: ya Wilaya ya Tarime, ya Mji wa Tarime na ya Wilaya ya Serengeti. Ilikuwa ipi kati ya hizo, sitasema, maana sikuja hapa kumsema mtu. Ninayoyasema yangeweza kutokea katika halmashauri yoyote ya nchi hii, na hata wewe uliyeko Mwanza au Dar es Salaam utaitambua sura yake.

Mikutano ya Baraza ni ya wazi. Mwananchi anaruhusiwa kuingia, akakaa, akasikiliza, ili mradi asiropoke. Basi nikaingia, nikakaa nyuma, karibu na dirisha. Tuliokuja kusikiliza tulikuwa wachache sana. Nakumbuka kulikuwa na mzee mmoja mwenye fimbo, vijana wawili waliokuwa wakisubiri gari, na mimi.

Madiwani waliingia na majoho yao, tukasimama, Mwenyekiti akafungua kikao. Likaja suala la kuthibitisha ajenda, likapita. Ukaja muhtasari wa kikao kilichopita. Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo mgeni huiona kama usingizi. "Ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili. Ukurasa wa tatu." Makabrasha yanafunuliwa, sauti zinaitikia. Kisha Mwenyekiti akasema, "Waheshimiwa, sasa tunaingia katika yatokanayo."

Yatokanayo, ndugu msikilizaji, ni hesabu ya ahadi. Kikao kilichopita kiliazimia nini? Je, limetekelezwa? Huwa ni jedwali. Upande mmoja limeandikwa azimio, upande wa pili utekelezaji. Nikamwomba mmoja wa vijana aliyekuwa na nakala aniazime, nikapitisha kidole. Nikaona jina la kijiji ninachokijua. Azimio: kukamilisha boma la zahanati. Utekelezaji: "Unaendelea."

Nilishtuka kidogo, kwa sababu boma lile nalijua, na jasho lililomwagika pale nalijua pia.

Tangu ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi mwaka 2007, nia ya nchi ilikuwa kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba wananchi wanaanza kwa nguvu zao: wanachimba msingi, wanasomba mawe, mchanga na maji, wanafyatua matofali, wanapandisha kuta hadi usawa wa linta. Wakifika hapo, Serikali inawashika mkono: inapaua, inapiga lipu, inaweka milango, inaleta dawa na mganga. Kuta zinazosubiri bati ndizo watu wanaziita boma. Ukipita barabara za Mara, na za mikoa mingine mingi, utayaona maboma: ya madarasa, ya nyumba za walimu, ya zahanati.

Boma la kijiji kile lilijengwa na watu wangu. Shangazi yangu, ambaye hana ng'ombe hata mmoja, aliuza mbuzi ili atoe mchango wake. Wanawake walibeba maji kichwani kutoka mtoni. Nasi tulioko mjini tukaandikiwa barua, tukachangishana katika chama chetu cha watu wa nyumbani, tukapeleka fedha za saruji. Kisha tukapiga makofi, tukaendelea na maisha.

Mvua zilikuja, zikaenda, zikaja tena. Kuta zisizo na paa zinakula mvua. Tofali la juu likaanza kulainika, nyasi zikaota ndani, mbuzi wakapafanya kivuli chao. Na mwaka huohuo mkwewe shangazi akashikwa na uchungu usiku. Hospitali ilikuwa mbali, gari halikuwapo. Alijifungulia njiani, pembeni mwa shamba la mihogo, akimulikiwa kwa tochi ya simu. Nashukuru Mungu mama alipona. Mtoto hakupona. Shangazi aliponisimulia hakulaumu mtu. Alisema tu, "Mwanangu, tulipita mbele ya zahanati yetu tukiwa tumembeba."

Basi sasa utaelewa nilivyolisoma lile neno "Unaendelea".

Mwenyekiti alikuwa keshafika ukurasa wa kumi na ngapi sijui. Nami nikadhani yamekwisha. Akasimama diwani mmoja, mama wa makamo, wa viti maalum. Hakupaza sauti. Alisema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba turudi nyuma. Hapa imeandikwa utekelezaji unaendelea. Katika kikao cha nyuma iliandikwa hivihivi. Na cha kabla ya hicho pia. Naomba nijulishwe, unaendelea kwenda wapi?"

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, kwa sababu swali halikuwa la mzaha.

Mtaalamu akasimama kujibu, na nataka nimtendee haki. Hakujibu ovyo. Alieleza kwamba fedha za kupaua boma lile zilipangwa zitoke katika mapato ya ndani. Kwamba makusanyo ya robo ile hayakufikia lengo. Kwamba kulikuwa na dharura ya choo cha shule kilichotitia, ikabidi fedha kidogo zilizopatikana ziende huko. Ni maelezo ya mtu mwenye shati fupi anayejaribu kufunika mgongo na tumbo kwa pamoja. Lakini yule mama hakukaa. Akasema, "Nimeelewa. Basi yaandikwe hayo. Liandikwe fungu linalohitajika, iandikwe tarehe, na aandikwe afisa atakayejibu. Neno 'unaendelea' lifutwe." Baraza likakubali. Ilichukua kama dakika nne. Mzee mwenye fimbo alinigeukia akatikisa kichwa, akasema polepole, "Yule kazaliwa ritongoni."

Kwa msikilizaji asiye wa kwetu, ritongo ni mkutano wa jadi wa Wakurya, ambapo watu wa eneo hukaa pamoja kuzungumza mambo yanayowahusu, iwe ni wizi wa ng'ombe au ugomvi wa mpaka. Marehemu baba yangu alikuwa akituambia kuwa jambo likilala ritongoni bila kuamuliwa, huamka na njaa. Akiwa na maana kwamba halitabaki vilevile, litakula kitu. Boma lile lililala vikao vitatu. Lilipoamka, lilikuwa limekwisha kula.

Sasa ndugu msikilizaji, kwa nini nakusimulia haya wewe uliyeko mjini? Nina sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba tumesahau mabaraza haya yalikotoka. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, kazi zake zikachukuliwa na Serikali Kuu chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Yaliyofuata wazee wanayakumbuka: barabara za vijijini zilikosa mwenyewe, visima vilikosa fundi, na kila jambo lilisubiri amri kutoka juu. Ndiyo maana sheria za mwaka 1982 ziliturudishia serikali za mitaa, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Hatukupewa ili tupate watu wa kuvaa majoho. Tulipewa ili mtu wa kijijini awe na mahali pa kuuliza, na aulize mtu anayemfahamu kwa jina.

Ya pili ni fedha. Usidhani eneo lile ni la kuombaomba. Kule Nyamongo upo mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Sheria inaiwezesha halmashauri kutoza ushuru wa huduma kutokana na mauzo ya kampuni, na tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mpango wa mgodi wa kuwasaidia wananchi kila mwaka lazima upitishwe na halmashauri. Upande wa Serengeti ipo hifadhi inayojulikana dunia nzima, na vijiji vitano vimeungana katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona ili navyo vionje faida ya wanyama wanaopita mashambani mwao. Ipo minada ya ng'ombe, yapo mazao, na kwa Tarime upo mpaka wa Sirari. Fedha hizi zinaamuliwa wapi? Haziamuliwi katika mikutano ya hadhara yenye ngoma na vipaza sauti. Zinaamuliwa katika Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kisha zinaletwa Barazani, ukurasa baada ya ukurasa, wakati wewe na mimi tumesinzia.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Wenye umri wangu wanakumbuka kodi ya maendeleo, ambayo tuliizoea kwa jina la kodi ya kichwa. Wanakumbuka mgambo alfajiri, vizuizi njiani, na wanaume wazima wakilala porini kwa kukosa stakabadhi. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, na sikumwona aliyelia. Lakini pamoja na ubaya wake ilikuwa na jambo moja. Iliuma, na mtu aliyeumizwa huuliza, "Fedha yangu imefanya nini?" Siku hizi tunalipa kwa kujificha. Tunalipa katika ushuru wa mazao, ushuru wa mnada, ada ya leseni, ushuru wa soko. Mama anayenunua debe la mahindi hajui kwamba ndani ya bei ile mna ushuru wa halmashauri. Kwa kuwa hatuoni tunapolipa, tumeacha kuuliza. Na halmashauri isiyoulizwa huzoea kuandika "unaendelea".

Sisemi madiwani ni wabaya. Wengi wao hupigiwa simu usiku wa manane na mgonjwa asiye na nauli, wakatoa mfukoni. Sisemi watumishi ni wavivu. Fedha za kutoka Serikali Kuu huja kwa kuchelewa, na ofisi za mipango hupanga mwaka mzima juu ya fedha ambazo hawajaziona. Tena, nasi wananchi tuna letu. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mtu mzima ana haki ya kusema pale. Ni vingapi vinavyoahirishwa kwa sababu akidi haikutimia? Watu wako mnadani, wako shambani, wako kilabuni.

Na mimi mwenyewe sijitoi. Nilichangia saruji ya zahanati ile mara mbili. Risiti ninazo hadi leo. Lakini katika miaka yote ile sikuwahi kuandika barua moja kwa mtendaji wa kijiji kuuliza: kikao kilisema nini, na yametokana nini? Nilidhani kutoa fedha ndiyo mwisho wa wajibu. Kumbe ulikuwa ndio kwanza mwanzo wake.

Kwa hiyo ninakuomba mambo mawili, na yote hayahitaji fedha. Wewe wa mjini, ujue kuwa taka zinazooza mlangoni pako, soko lenye matope na taa ya barabarani isiyowaka, zote zina mstari wake katika makabrasha ya halmashauri ya manispaa yako. Nenda siku moja, ukae nyuma, karibu na dirisha. Ukiwa na haraka, sikiliza sehemu moja tu, ile ya yatokanayo. Na kama una kijiji kwenu, basi siku utakapoletewa barua ya mchango, toa. Lakini pamoja na mchango, omba nakala ya muhtasari.

Utaniuliza, je, boma lile? Baada ya kikao kilichofuata nilimpigia shangazi. Aliniambia mabati na mbao za kenchi vimeletwa, vimefungiwa katika stoo ya shule, na fundi ameonekana akipima. Safu za juu zilizolainika zimebomolewa na kujengwa upya, na wanawake wamebeba maji tena. Miezi iliyofuata ilipauliwa. Leo pana muuguzi, na kina mama wanajifungulia pale.

Nilipokwenda kupaona, shangazi alinipeleka mwenyewe. Hakuniingiza ndani. Alisimama kwenye njia, mahali pale walipopita usiku ule, akaitazama paa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Twende, jua linazama."

Ndugu msikilizaji, hadi juma lijalo, kwaheri.