Jeni Zilizofungwa, Maji Yaliyo Wazi

Msikilizaji, mvua kubwa ikifurika mitaani tunasikia habari za kipindupindu. Tunahesabu wagonjwa, tunahimizana kuchemsha maji, na mvua ikikatika tunasahau. Leo tumtazame mhusika mwenyewe, bakteria aitwaye Vibrio cholerae, maana namna anavyotudhuru inatuonyesha pia pa kumkabili.

Makao yake ya kawaida ni maji ya pwani na midomo ya mito, ambako hujishikiza kwa viumbe wadogo sana wa jamii ya kamba. Jeni za sumu anazo hata akiwa huko, ila zimefungwa. Protini iitwayo H-NS hujipanga juu ya sehemu hizo za DNA na kuziba njia, hivyo jeni hazisomwi na sumu haitengenezwi.

Akimezwa akafika kwenye utumbo mdogo, mambo hugeuka. Protini zilizo kwenye utando wa seli yake huhisi mazingira mapya na kuchochea utengenezaji wa protini nyingine, ToxT. Hii huibandua H-NS, kisha huwasha jeni za nywele laini anazotumia kukita utumboni, pamoja na jeni za sumu.

Hata hivyo ToxT ina msaidizi. Kipande kifupi cha DNA ni kigumu, hakipindiki ovyo. Kukipinda kunahitaji nguvu. Kazi hiyo hufanywa na msaidizi huyo, protini iitwayo IHF. Mwaka 1996 watafiti nchini Marekani walichapisha umbo lake ikiwa imeishika DNA: huipinda kwa pembe ya digrii 160 au zaidi, kwa kuchomeka ncha zake mbili kati ya herufi za DNA. Ukikunja kanga, pindo zilizokuwa mbalimbali hukutana. Na DNA ikipindwa hivyo, protini zilizoshika sehemu zilizoachana husogeleana. Kwa bakteria wa kipindupindu, IHF imeonekana kuipinda DNA karibu na jeni ya zile nywele na kulegeza mshiko wa H-NS.

Matokeo yake tunayajua. Sumu huzilazimisha seli za utumbo kumwaga maji na chumvi, na mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja.

Sasa nitoe maoni yangu. Kwa miaka mingi tumepambana na bakteria kwa dawa za kuua, nao wamejibu kwa usugu. Kuna njia nyingine: kumwacha bakteria hai lakini bila silaha. Mwaka 2005 watafiti wa Harvard walieleza kemikali waliyoiita virstatin, inayoizuia ToxT isifanye kazi. Vitoto vya panya waliopewa kemikali hiyo walikingwa, kwa kuwa bakteria walishindwa kukita utumboni. Haijawa dawa ya kutibu watu, lakini njia hiyo inastahili fedha na vijana wetu wa maabara.

Tusijidanganye lakini. Mgonjwa anayebebwa hadi kituo cha afya, sumu imeshafanya kazi yake. Kinachomwokoa ni maji yenye chumvi na sukari, ya kunywa au ya mshipani, tena upesi. Dawa ya kumnyang'anya bakteria silaha ingefaa zaidi kuwakinga wanaoishi na mgonjwa nyumba moja.

Na kinga iliyo mikononi mwetu leo haihitaji maabara. Jeni za sumu hufunguka ndani ya utumbo wa mtu, na bakteria huufikia kupitia maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Kwa hiyo, msikilizaji, tibu maji ya kunywa, nawa mikono kwa sabuni. Na diwani wako akija kuomba kura, muulize kwanza: bomba la maji safi na vyoo vya mtaa huu vitakamilika lini?