Paka Akikwaruza Mlango Usiku, Tutafute Sababu Kwanza

(Mazungumzo yaliyotolewa na wanachama wa kikundi kimoja cha kujisaidia mbele ya vikundi jirani. Yameandikwa jinsi yalivyosemwa.)



Tumeombwa tuseme juu ya paka. Tunaona wengine wenu wanacheka. Mtu ameacha shamba lake asubuhi, amekuja mkutanoni, kumbe ni kuambiwa habari za paka! Lakini ngojeni kidogo. Paka mmoja alikaribia kuvunja kikundi chetu, ndiyo maana tumesimama hapa.

Kikundi chetu kina wanachama 22. Baada ya mavuno tunaweka mahindi pamoja, tunangoja bei ipande, halafu tunauza. Mahindi hukaa katika chumba kimoja kwa katibu wetu, magunia yakiwa juu ya mbao yasiguse sakafu. Panya walipozidi, mweka hazina wetu, ambaye ni mama mjane, alituletea paka wake jike. Akasema, "Huyu atatusaidia." Na kweli alitusaidia. Zamani tulikuwa tukikuta magunia yametobolewa na mahindi yamechanganyika na mavi ya panya. Baada ya miezi michache tukasahau shida hiyo.

Halafu ghafla paka akaanza kukwaruza mlango wa stoo usiku. Kwaru, kwaru, kwaru, saa nane ya usiku. Katibu anaamka, anamfukuza kwa fimbo. Paka anarudi. Usiku wa pili ni hivyo hivyo. Usiku wa tatu analia kama mtoto mchanga, na watu wa nyumba hawalali.

Basi maneno yakaanza. Mmoja akasema, "Paka wa kawaida hafanyi hivyo. Huyo ametumwa." Ametumwa na nani? Mnajua wenyewe jinsi maneno kama hayo yanavyotafuta mtu. Yalimtafuta mwenye paka. Ni mjane, anakaa peke yake, tena ndiye anayeshika pesa zetu. Wiki hiyo wanachama wawili hawakuleta mchango. Mwingine akanunua sumu ya panya, akasema ataichanganya na omena ammalize paka huyo mara moja.

Mzee mmoja wa kikundi akatuuliza swali moja tu: "Mmeshafungua mlango mkaona anataka nini?" Tukatazamana. Hakuna aliyefungua.

Usiku huo tukaenda watu sita na tochi. Katibu akafungua kufuli. Paka akapita katikati ya miguu yetu mbio, akaingia nyuma ya gunia la mwisho kabisa. Tukamulika. Palikuwa na watoto wanne, hata macho hayajafunguka, na mama yao amekwisha kulala awanyonyeshe. Mambo yote yakawa wazi. Siku chache kabla, fundi alikuwa ameziba nafasi iliyokuwa chini ya mlango. Mchana mlango uliachwa wazi mahindi yapate hewa, na paka aliingia apendavyo. Jioni tulifunga, naye akabaki nje, watoto wake wako ndani. Kwani mama yeyote angefanya nini?

Asubuhi tulikwenda kwa mweka hazina, sisi tuliosema na sisi tulionyamaza. Tukamweleza yote na kumwomba msamaha. Alitupa chai kwanza. Kisha akasema, "Mlango wangu hauna kufuli mchana. Mbona hakuna aliyebisha akaniuliza?" Hatukuwa na jibu. Hata leo hatuna.

Sasa, ndugu zetu, tangu siku hiyo tumejifunza mengi juu ya jambo hili. Tungependa mjue, ili msipitie njia tuliyopitia sisi.

Sababu ya kwanza: paka anataka kufika mahali. Pengine watoto wake wako ndani, au amezoea kulala hapo, au anasikia panya. Kama ni stoo, mpe njia yake. Fundi anaweza kukata kitundu chini ya mlango, inchi sita kwa inchi sita, na kupigilia kipande cha mpira wa tyubu kuukuu kining'inie kama pazia. Kama ni nyumba ya kulala na hutaki aingie, mtengenezee mahali pake jikoni, katoni au kikapu na gunia kuukuu ndani, pasiponyeshewa. Paka aliye na joto hana haja ya mlango wako.

Sababu ya pili: sisi wenyewe tumemfundisha. Hapa wengi tunakosea. Paka anakwaruza, wewe unaamka na kumtupia kipande cha ugali ili anyamaze. Ananyamaza kweli, lakini amejifunza kwamba mlango ukikwaruzwa chakula hutoka. Kesho atarudi. Dawa yake ni kumlisha jioni, saa ile ile kila siku, kabla ya watu kulala. Ugali kidogo na omena yatosha. Usiku akikwaruza, usifungue, usimpigie kelele, usimpe kitu. Lakini hakikisha kwanza hana shida ya kweli, kama huyu wetu. Tena mjue kwamba siku za kwanza atazidisha kelele. Mtu akivumilia siku tatu halafu ya nne akafungua, amemfundisha kwamba akikaza sana atashinda. Nyumba nzima ikubaliane, baba, mama na watoto. Mmoja akifungua kwa siri, kazi yote imeharibika.

Wako wanaosema paka akilishwa hatashika panya. Sivyo. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, kwa sababu ndiyo tabia yake. Mwenye njaa ndiye huzurura kwa majirani, au hufunua sufuria.

Sababu ya tatu: makucha. Paka lazima akwaruze. Hivyo ndivyo anavyotoa ganda la zamani la ukucha, anavyonyoosha mwili, na kuacha harufu yake paonekane ni pake. Huwezi kumkataza, lakini unaweza kumpa mahali pengine. Chukua nguzo au gogo lenye urefu wa futi tatu hivi, lizungushie kamba ya katani, ulisimamishe imara karibu na mlango anaoupenda. Likiyumba hatalitaka. Mlango wenyewe upigilie kipande cha bati chini, hapo anapofikia. Makucha hayashiki bati.

Sababu ya nne: uzazi. Paka jike akitaka dume, hulia na kuhangaika usiku kwa siku kadhaa. Asiposhika mimba, hurudia baada ya wiki mbili au tatu. Madume nao hukusanyika mlangoni. Mimba yake huchukua siku 65 hivi, na anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Daktari wa mifugo anaweza kumfunga uzazi jike, au kumhasi dume. Kwa mtu mmoja gharama inaweza kuwa nzito, lakini kikundi kikikusanya paka wa kijiji na kumwita daktari siku moja, mnaweza kuzungumza naye juu ya bei.

Sasa mambo mawili ya hatari. Kwanza, sumu. Panya aliyekula sumu akiliwa na paka, paka naye anaweza kufa. Na sumu ikiwekwa karibu na mahindi, mnawatia watoto wenu hatarini. Mkimuua paka ili mlale usingizi, panya watakuja kula magunia na nyinyi mmelala.

Pili, kichaa cha mbwa. Paka naye huugua kichaa. Akibadilika ghafla, akashambulia watu, akatokwa na mate mengi au akashindwa kutembea vizuri, msimshike. Mwiteni daktari wa mifugo. Mtu akiumwa au akiparurwa na paka kama huyo, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Asingoje kuona dalili, kwa maana dalili zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Paka achanjwe akifika miezi mitatu, na arudiwe jinsi daktari atakavyosema.

Sisi tulimkatia paka wetu kitundu. Watoto wake walipokua, tuligawia wanachama wanne, na mmoja wao ni yule aliyenunua sumu. Mchango unaletwa kama zamani, na mweka hazina ni yule yule.

Ndugu na dada, kitu kikikwaruza mlango wako usiku, washa taa uangalie. Na ukiwa na neno juu ya jirani, nenda kwake mchana ubishe hodi.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Je, kuna mnyama anayesumbua usiku kijijini kwetu? Tumetafuta sababu yake, au tumechukua fimbo tu?

2. Sumu ya panya tunaiweka wapi, na ni nani anayeweza kuifikia?

3. Neno baya likianza kusemwa juu ya mwanachama, nani atakwenda kumwuliza mwenyewe?