Bei mbili kwenye pampu moja

Wadau, haya ni maneno niliyosema Alhamisi jioni kwenye kikao chetu cha mjadala chuoni. Watu kadhaa waliomba niyaweke hapa, kwa hivyo nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema. Kanuni ya uzi huu mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukileta hayo kwenye maoni nitakupita tu.

Nianze na kipande cha kadibodi.

Likizo ya Desemba nilifanya kazi ya kujaza mafuta kwenye kituo kimoja. Sitataja ni wapi. Asubuhi moja msimamizi alikuja na kadibodi na kalamu nzito, akaandika bei mbili za petroli: keshi bei moja, simu na kadi shilingi mbili zaidi kwa lita. Akaifunga kwa waya kwenye nguzo ya pampu, akaingia ofisini, akatuachia sisi wenye ovaroli tujibu maswali. Nambari kamili si muhimu, na bei hubadilika kila mwezi, kwa hivyo leo tutumie nambari za mfano: keshi 178, simu 180.

Akaja mzee mmoja wa boda. Alitaka mafuta ya mia tatu na simu ilikuwa tayari mkononi. Akasoma kadibodi, akaniangalia. "Kijana, kwani pesa yangu ya simu ina ugonjwa gani?" Nikamwambia, "Mzee, si mimi, ni ofisi." Hakubishana. Akavuka barabara hadi kwa wakala, akatoa mia tano, akarudi na keshi, akajaziwa mafuta yake ya mia tatu kwa bei ya keshi. Akaondoka akijua ameshinda.

Baadaye nilipiga hesabu. Kwa mia tatu unapata kama lita moja na nusu hivi, na kitu kidogo juu. Tofauti ya bei ilimwokolea shilingi tatu na senti. Kutoa mia tano kwa wakala kulimkata shilingi 29. Na sikumwambia. Sijui kama ningemwambia angefurahi, lakini hesabu hiyo imekaa na mimi tangu siku hiyo, ndiyo maana nikaomba kuzungumza juu ya mada hii.

Sasa, mjadala wa bei mbili ukitokea kwenye redio au mkutanoni, huwa unaishia mahali pamoja: wenye vituo ni walafi, basi. Makofi. Mimi nasema ulafi unaweza kuwepo, lakini hautoshi kueleza jambo hili, na mtu anayetaka kura yako akikupa jibu hilo peke yake, hajafika kwenye swali lenyewe. Swali lenyewe ni nani anabeba gharama ya kulipa. Kulipa kuna gharama. Hatuioni kwa sababu mara nyingi imefichwa ndani ya bei ya unga na sukari.

Kwa mafuta haifichiki kirahisi. Kenya imekuwa na bei za juu kabisa za mafuta zinazowekwa na serikali tangu Desemba 2010. Siku hizi mamlaka inayohusika ni EPRA. Kila tarehe 14 inatangaza bei, zinaanza kutumika tarehe 15 na kudumu mwezi mmoja, mji kwa mji. Mombasa huwa chini ya Nairobi kwa sababu mafuta yanaingilia huko na usafiri ni mfupi. Hiyo bei ni dari. Kituo kinaweza kuuza chini ya dari, hakiwezi kuuza juu yake.

Ndani ya dari hiyo kuna vipande: gharama ya mafuta yakifika bandarini, usafiri, ushuru na tozo, halafu faida ya muuzaji. Na hapa naomba mtulie kidogo. Faida ya muuzaji imewekwa kwa shilingi fulani kwa kila lita, haipandi kila bei ya pampu inapopanda. Lakini makato ya kupokea malipo kwa simu au kadi ni asilimia ya pesa yote iliyolipwa.

Tuseme makato ni nusu asilimia. Lita ikiwa 120, mwenye kituo anakatwa senti 60. Lita ikifika 180, anakatwa senti 90. Tuseme kadi ni asilimia mbili: kutoka shilingi 2 na senti 40 hadi 3 na senti 60. Lita ni ile ile, faida yake ni ile ile, makato yamepanda kwa nusu nzima.

Na bei ilipandishwa na nini? Kwa sehemu ni soko la dunia na shilingi yetu. Kwa sehemu ni ushuru. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Kwa hivyo mwenye kituo anakatwa asilimia hata kwenye ile sehemu ya ushuru ambayo si yake, anaipitisha tu. Sheria hiyo hiyo ya 2023 ilipandisha pia ushuru kwenye ada za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15. Yaani iligusa bomba la mafuta na ikagusa simu ya anayelipia. Kwenye mijadala ya ushuru nimesikia hivi vitu viwili vikizungumzwa kama nchi mbili tofauti. Pale kwenye pampu vinakutana kwa mtu mmoja.

Kuna jambo lingine la dari ambalo lilinichekesha kidogo nilipolielewa. Chukua dari ya 180. Kituo kikiandika keshi 178 na simu 180, kiko ndani ya sheria ya bei: kimempa mwenye keshi punguzo. Kikiandika keshi 180 na simu 182, kimevuka dari. Tofauti ni shilingi mbili zile zile. Kilichobadilika ni mahali umeanzia kuhesabu.

Wamarekani wamepigania jambo hili hili miaka mingi, na kule vituo vya mafuta ndivyo vilivyokuwa maarufu kwa bei mbili, moja ya keshi na moja ya kadi, zimeandikwa kwa herufi kubwa barabarani. Miaka ya 1970 sheria yao iliruhusu punguzo kwa keshi lakini ikakataza nyongeza kwa kadi. Marufuku hiyo ya nchi nzima iliisha 1984, lakini majimbo kadhaa yalikuwa na yao. Jimbo la New York lilikuwa moja, na wafanyabiashara, akiwemo mwenye saluni, wakaenda kortini. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikasema sheria ile inagusa namna mfanyabiashara anavyosema bei yake, kwa hivyo ni suala la uhuru wa kujieleza, ikairudisha kesi chini iangaliwe upya. Fikiria: kesi ya shilingi mbili inafika mahakama ya juu kabisa juu ya neno "punguzo" na neno "nyongeza". Ulaya walichagua njia nyingine. Tangu Januari 2018 wafanyabiashara hawaruhusiwi kumwongezea mteja wa kawaida bei kwa sababu analipa kwa kadi za kawaida. Lakini walikuwa tayari wameweka kikomo cha ada ambazo benki hutozana kwenye kadi hizo. Hawakukataza nyongeza wakaacha ada ikimbie inavyotaka. Hiyo sehemu ya pili watu wetu huisahau wanapotaka tuige.

Kule Marekani malalamiko ni kwamba bei ikiwa moja, maskini wa keshi anamlipia tajiri mwenye kadi ya zawadi. Hoja nzuri, kwao. Hapa kwetu usiibebe hivyo hivyo. Hapa mtu wa pesa ya simu ni mama mboga, ni fundi, ni yule mzee wa boda ambaye abiria wote wa asubuhi wamemlipa kwa simu. Punguzo la keshi kwake si punguzo mpaka uhesabu gharama ya kuitoa hiyo keshi. 29 kwa mia tano ni karibu asilimia 6. Mwenye gari kubwa anayejaza elfu kumi ametoka benki na noti zake, anaokoa zaidi ya mia moja na haoni shida yoyote.

Niseme pia upande wa ofisi, kwa sababu niliuona. Keshi nayo ina gharama. Usiku tulikuwa tunahesabu noti tukiwa tumefunga mlango, mlinzi nje, kila mtu anaangalia kila kivuli. Noti bandia ikipita, inakatwa kwa mshahara wa aliyeipokea. Mimi nilikatwa mara moja. Kwa hivyo msimamizi akisema simu ndiyo ghali na keshi ni ya bure, alimaanisha ni ya bure kwake.

Msimamo wangu ni huu, na kikaoni ulipingwa vikali. Sitaki bei mbili zipigwe marufuku kesho asubuhi huku ada zikibaki zilivyo, kwa sababu vituo vidogo vya mashinani vitaacha tu kupokea simu, na wakala wa ng'ambo ya barabara ndiye atafurahi. Nataka ada ya malipo ya mafuta isihesabiwe kwenye ushuru na tozo. Serikali inajua kila mwezi ni shilingi ngapi za kila lita ni zake, inazitangaza yenyewe. Na nataka bei zote mbili ziandikwe kwenye bango kubwa la barabarani. Kadibodi inayoonekana ukiwa umeshazima injini haitoshi.

Dada mmoja aliuliza: ushuru ukitolewa kwenye hesabu ya ada, kampuni ya malipo si itapandisha asilimia ifidie? Inaweza. Ndiyo maana Ulaya waliweka kikomo kwanza. Swali lake lilikuwa bora kuliko hotuba yangu, na bado nalifikiria.

Wakati huo huo, ukikuta bei mbili kwenye kituo chenu, tafuta bei ya EPRA ya mji wenu mwezi huu na uangalie ile ya juu iko upande gani wa dari. Ikiwa imevuka, omba risiti yenye lita na bei, na upeleke malalamiko kwao. Na tafadhali, usimfokee aliyeshika bomba.