Kushirikishwa si Kuamua



Kamati ya maandalizi imeniomba niseme machache juu ya nafasi ya wananchi katika sera za nchi. Nimepewa robo saa, na kwa kuwa chakula ki tayari, sitaizidisha.

Neno linalopendwa sana maofisini ni kushirikisha. Taarifa husema wananchi walishirikishwa. Ukiuliza walishirikishwaje, utaambiwa waliitwa mkutanoni, wakaelezwa mpango, wakapiga makofi, kisha wakapangiwa siku ya kuchimba mtaro. Huko si kupewa madaraka. Mwenye madaraka ni yule awezaye kusema hapana, na hapana yake ikasikilizwa.

Tanzania ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1972 ulianzishwa mpango wa Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa njema: kusogeza maamuzi karibu na wananchi. Lakini halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zilifutwa, na maofisa wakapelekwa mikoani na wilayani kushika nafasi yake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Hivyo madaraka yalitoka Dar es Salaam, yakafika mkoani, yakaishia kwa maofisa. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema kwamba kama angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala asingevunja vyama hivyo. Mwaka huohuo halmashauri za wilaya zilirudi, kwa sheria zilizotungwa mwaka 1982.

Kwa kuwa kazi yangu ilikuwa ya misitu, mniwie radhi nikichukua mfano wangu huko. Wilayani Babati kuna msitu wa miombo uitwao Duru-Haitemba, wenye hekta zipatazo 9,000. Serikali ilitaka kuufanya hifadhi yake, ikaanza kupima mipaka. Wananchi walipinga. Tena wengine waliingia na mashoka haraka, maana mtu akijua kesho mti si wake, huukata leo. Hapo sera iliyokusudiwa kuokoa msitu ilikuwa inaumaliza.

Katika miaka ya kwanza ya 1990 mpango huo uliachwa. Vijiji vinane vinavyouzunguka msitu vilipewa kazi ya kuutunza, na pamoja na kazi vikapewa uwezo. Kila kijiji kilipanga sehemu yake: wapi ng'ombe wachunge, wapi wasiguse, kuni zipi ziokotwe, nani aombe kibali. Vilitunga sheria ndogo na kuweka walinzi wake. Wanakijiji wakawafukuza wachoma mkaa ambao askari wa misitu walikuwa wameshindwa kuwazuia, na miti ikaanza kuchipua.

Angalieni tena kilichofuata. Mambo yaliyojaribiwa Babati na vijiji vingine yaliingia katika Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998, kisha katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo inakiruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake cha chenyewe. Safari hii sera ilitoka kijijini ikapanda kwenda wizarani.

Sisemi kijiji hakikosei. Kuna viongozi wa vijiji waliokula faini za msitu kama mchwa. Dawa yake ipo katika sheria: Mkutano Mkuu wa Kijiji, wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, ukae angalau kila miezi mitatu, usomewe mapato na matumizi. Wala haifai kuwapa watu ulinzi na kuwanyima mapato. Huo ni utumwa uliopakwa rangi.

Wenzangu, wengi wetu tumekuwa wakurugenzi, wahandisi, waganga na maofisa mipango. Sisi ndio tunaoandika sera hizi. Kwa hiyo tuanze na lililo mbele yetu. Ajenda ya tano ya mchana huu ni kisima tunachotaka kukichangia kijiji jirani. Mchoro umekwisha kuchorwa na mahali pamechaguliwa. Ni jambo la heri, nami nitachanga. Lakini sijasikia kwamba kijiji kimeulizwa. Huenda pale maji ya chini yana chumvi, na kila mama wa kijijini anajua. Huenda wanataka paa la zahanati kwanza. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Napendekeza fedha zisitoke mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukae bila sisi kuuongoza. Uchague mahali, upange bei ya ndoo, utaje watakaoshika ufunguo wa pampu na daftari la fedha. Wakiukataa mchoro wetu, tuukunje tuuweke mfukoni. Kisima kikiharibika baada ya miaka mitatu, watakaotafuta spea ni wao. Sisi tutakuwa tumekwisha rudi mijini.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.